Kupiga picha za nakshi, kivuli na vioo vya rangi Mji Mkongwe

Wengi hufundishwa kwamba picha hupigwa asubuhi na jioni, na mchana kamera hulala mkobani. Ufukweni ni kweli. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, kanuni hiyo itakunyima milango mingi. Nyumba ni za ghorofa mbili tatu, njia nyingine haina hata mita 2, na jua la saa 1 asubuhi huishia kwenye mapaa. Likishuka hadi barazani, hushuka karibu na adhuhuri, tena kwa dakika chache.

Dakika hizo zinahesabika, na kwanza unahitaji dira, hata ile ya kwenye simu. Simama ukiupa mlango mgongo uone unatazama upande gani. Kisha kumbuka kwamba jua la Zanzibar halifiki kileleni saa 6 kamili. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na kisiwa kiko kwenye nyuzi 39 na kidogo. Kwa hiyo adhuhuri halisi huwa kati ya saa 6:07 mwanzoni mwa Novemba na saa 6:37 katikati ya Februari, na miezi mingine huangukia katikati ya hizo.

Uchochoro unaokwenda kaskazini hadi kusini ndio wenye neema. Chukua ukuta wa mita 9 na njia ya mita 2. Kwenye mlango unaotazama mashariki, jua hushuka ukutani taratibu na kugusa sakafu kama dakika 50 kabla ya adhuhuri halisi, kisha hutoweka adhuhuri inapotimia. Mlango unaotazama magharibi hupokea hapo hapo na kubaki na jua kwa dakika 50 nyingine. Njia ikiwa pana zaidi, muda nao huongezeka.

Mwanga huu hauupigi mlango usoni, bali unauparaza. Kila ua, kila mnyororo na kila jani lililochongwa hupata upande mweupe na upande mweusi, na hapo ndipo kina cha nakshi huonekana. Ila kuparaza kukizidi, vivuli hurefuka na kumezana. Jua likiwa na pembe ya nyuzi 12 kutoka ukutani, kizingiti cha juu kilichochomoza sm 10 hutupa kivuli cha karibu nusu mita, na sehemu ya juu ya mlango hugeuka giza. Kwa nakshi ya kina kirefu, mlango wa mashariki upigwe katika dakika 20 za mwanzo, na wa magharibi katika dakika 20 za mwisho. Nakshi nyembamba, ile ya kukwaruzwa tu kwenye mfaa (mhimili wa katikati ya mlango), hufaidi dakika zilizo karibu kabisa na adhuhuri.

Uchochoro wa mashariki hadi magharibi una mambo yake. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi. Katika njia ile ile ya mita 2 litaangaza ukuta kuanzia mita 5 na nusu kwenda juu, na mlango hautaambulia kitu. Desemba jua liko kusini kwa kimo cha nyuzi 73, na ukuta unaotazama kusini huangazwa kuanzia juu kushuka hadi kama mita 2 na nusu kutoka chini, yaani mpaka kwenye kizingiti cha juu. Mabadiliko ya upande hutokea mwanzoni mwa Machi na tena ndani ya wiki ya pili ya Oktoba, jua linapopita utosini. Kwa hiyo ukiona picha nzuri ya mlango iliyopigwa Januari, usishangae ukiufuata Julai na kuukuta umepooza.

Jua lisipofika, tumia ukuta wa mkabala. Chokaa nyeupe iliyopigwa na jua juu hurudisha chini mwanga laini usio na vivuli vikali, na huo ndio mwanga bora wa kuonyesha rangi ya mbao. Ukuta ukiwa wa manjano au buluu, mlango nao utaazima rangi hiyo. Weka karatasi nyeupe mlangoni, ipige picha, uitumie kurekebisha weupe baadaye. Ukitaka kuongeza mwanga upande mmoja, bango la manila likishikwa umbali wa mita moja hufanya kazi kuliko flashi. Flashi ya kwenye kamera izime kabisa. Inapiga kutoka mbele na kuilaza nakshi yote ikawa bapa kama karatasi ya ukutani.

Sasa kusimama. Mlango wa mita 2.6 ukiupiga kutoka mita 2, kamera kuu ya simu ikishikwa wima itauingiza kwa taabu, ukingo kwa ukingo. Kishawishi ni kubonyeza 0.5. Lenzi hiyo pana huvuta pembe za picha, na ukiinamisha simu kidogo tu miimo hufunguka kama miguu ya ngazi. Afadhali uache mlango mzima, upige robo yake: kona ya kizingiti, kichwa cha mfaa, safu tatu za misumari ya shaba. Ukilazimika kuuchukua wote, shika simu kwenye usawa wa katikati ya mlango, kama mita 1.3, washa mistari ya gridi, na usiinamishe simu hata kidogo. Kuinamisha kwenda juu ndiko kunakofanya nyumba ionekane inaanguka nyuma.

Kwenye kamera, f/8 (uwazi wa lenzi) na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100 hadi 400 inatosha ukiwa na stendi ya miguu mitatu. Bila stendi usishuke chini ya kasi ya 1/60 ya sekunde. Pima mwangaza kwenye sehemu yenye jua, si kwenye kivuli, kwa sababu chokaa iliyoungua ikawa nyeupe tupu hairudi. Kwenye simu, gusa sehemu angavu, bonyeza mpaka kipimo kijifunge, kisha vuta alama ya jua chini kidogo. Zima HDR (kuchanganya picha za mwangaza tofauti) kwa picha za kuparaza. Inainua vivuli ulivyovisubiri asubuhi nzima.

Misumari ya shaba ni kioo cha mviringo: itakuonyesha wewe, shati lako na simu yako. Filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, haisaidii kwenye chuma tupu. Vaa nguo nyeusi, sogea pembeni.

Kwenye kioo, filta hiyo ni dawa, ila ina pembe yake. Hukata mng'ao vizuri ukiwa umesimama kama nyuzi 34 kutoka kwenye uso wa kioo, yaani upande kabisa. Ukisimama mbele yake, izungushe hadi kesho, hutaona tofauti. Pia inakula mwanga hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu). Kwa dirisha la duka linalopigwa kutoka mbele, njia ya zamani ndiyo bora: gusisha ukingo wa lenzi kwenye kioo na uzibe pande zote kwa kitambaa cheusi. Buibui la zamani linafaa sana.

Lakini si lazima mng'ao ufutwe. Madirisha ya luva, yaliyojaa kwenye nyumba za zamani na ofisi za mikoani, ni raha kwa sababu kila kipande cha kioo kina mwinamo wake kidogo: cha juu kinaakisi wingu, cha pili mnazi, cha tatu bati la jirani. Hapa wengi hukosea fokasi. Taswira iliyoakisiwa haiko juu ya kioo. Ukiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, na mnazi uko mita 8 mbele ya kioo hicho, fokasi ya mnazi ni mita 9. Ukifokasi kioo utapata vumbi na alama za vidole, kwa ukali wa kutisha. Amua unachotaka, f/11 itasaidia kusogeza vyote viwili karibu, haitavikutanisha.

Ndani ya duka lenye taa za LED au tyubu, picha ikitoka na mistari myeusi ya kulala, tatizo ni umeme. Wetu ni wa 50 Hz na taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya 1/50 au 1/100.

Vioo vya rangi vinahitaji subira nyingine. Zahanati ya Zamani, Mizingani, iliyokamilika 1894, ina mfano mzuri: roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi vinavyoelekea baharini. Ukiwa nje, kioo cha rangi huonekana cheusi, kwa kuwa rangi yake hutokea mwanga unapokipita kuja kwako. Ingia ndani. Nyuma ya kioo kuwe na mwanga uliotulia, wingu jeupe au ukuta wenye jua; jua lenyewe likikaa nyuma yake litatoboa doa jeupe. Punguza mwangaza kwa hatua 1 hadi 1.7, na weka mizani ya rangi kwenye jua, kama 5,500 K. Ukiiacha ijipange, kamera itadhani wekundu ni kosa na kuufuta. Angalia histogramu (grafu ya mwangaza) ya nyekundu peke yake: mara nyingi hiyo hujaa kwanza, na kioo chekundu kikishajaa hugeuka bango lisilo na mistari wala mapovu.

Madoa ya rangi yanayoanguka sakafuni ni kinyume: hayo yanataka jua kali la moja kwa moja, na kwa madirisha ya baharini hiyo ni kuanzia saa 10 alasiri. Kadiri yanavyosafiri ndivyo yanavyofifia pembeni, kwa sababu jua si nukta. Hesabu karibu sm 1 ya ukungu kwa kila mita 1. Doa lililo mita 4 kutoka dirishani litakuwa na ukingo wa sm 4 usioeleweka. Lile lililoangukia ukuta wa ubavuni mwa dirisha, nusu mita tu, litakata kama wembe. Pasipo ukuta, weka shuka jeupe karibu.

Mambo mawili ya mwisho. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itafuka mvuke. Na baraza ni sebule ya watu: salimu kwanza, bisha hodi hata kama unataka kitasa tu, na mlango ukiwa wazi usielekeze lenzi ndani. Ukiambiwa subiri, subiri, ila fungua dira ukiwa umekaa. Huenda jua la mlango wa pili linakaribia kushuka.