Mzazi apewe kopo kwanza, maelezo baadae

Wale mnaoandaa watoto kwa maonyesho ya shule, hii nimeiona wikiendi hapa Arusha na imefanya kazi kweli: mtoto asianze na "mradi wetu unahusu...", asalimie tu halafu amkabidhi mzazi kopo la maji ya tope amwambie mimina hapa juu ya chujio la maji, unadhani yatatoka rangi gani? Basi. Mzazi akishamimina na kubashiri haondoki mpaka aone, maswali anaanza kuuliza mwenyewe, kwa hiyo mtoto anajibu anachokijua badala ya kutiririsha alichokariri (wa kukariri ukimkatiza tu kapotea, anarudi mwanzo kabisa).

Chujio letu lilikuwa chupa iliyokatwa kitako na kugeuzwa, pamba mdomoni, mkaa uliopondwa, mchanga, kokoto juu. Mkaa uoshwe kabla, la sivyo maji ya kwanza yanatoka meusi kuliko yalivyoingia na wazazi watacheka. Na kwa huku kwetu lazima mtu aulize kama linaondoa floraidi (madini yaliyo mengi kwenye maji ya huku, yanaharibu meno), mtoto aseme ukweli, mkaa wa kawaida na mchanga hauondoi, wa mifupa ndo unapunguza. Asionje mtu hata yakitoka meupe pee.

Inapogoma ni foleni ikiwa ndefu maana chujio lina pole pole yake, hapo wape watatu watatu wabashiri pamoja. Na mradi wa chati ukutani hauna cha kushika, usilazimishe.