Rili Kumi na Moja za Baba: Kutoa Mkanda wa Super 8 Hadi Kwenye Kompyuta

Marehemu baba alikuwa baharia, na katika safari moja ya Hamburg akanunua kamera ya Super 8, yaani ya sinema za nyumbani, inayotumia mkanda wa filamu wenye upana wa milimita 8. Alituachia rili kumi na moja ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, nyumbani Kibokoni. Ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu, kwa hiyo naanzia hapo.

Niliitoa projekta yake, nikatundika shuka ukutani, nikawasha. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umeshaoza. Mkanda ukakwama mbele ya taa, na pale kwenye shuka uso wa shangazi yangu, siku ya harusi yake, ukaanza kutokota, ukafanya doa la kahawia, ukatoboka. Ni fremu, yaani picha moja moja za mkanda, nne au tano tu, lakini hazirudi. Basi usipitishe mkanda kwenye projekta ya miaka hamsini eti uone kilichomo. Nyosha kipande kidogo mbele ya dirisha, utazame kwa lenzi ya kukuzia. Inatosha.

Kabla ya kugusa chochote, nusa. Mkanda unaotoa harufu ya siki umeanza kuoza kutoka ndani: utasinyaa, utajikunja, na mvuke wake unaweza kuharakisha kuoza kwa ile iliyolala nao kopo moja. Utenge, na uwe wa kwanza kunakiliwa. Kisha andika namba kwenye kila kasha kwa penseli, hata kama hujui ni nini.

Sasa jua una mkanda gani. Milimita 8 ya kawaida, iliyoanza 1932, ina vitobo vikubwa ukingoni, na tundu la katikati ya rili ni dogo. Super 8 vitobo vyake ni vidogo na tundu la rili ni kubwa. Super 8 yenyewe ilitoka 1965. Ami yangu alikuwa akiapa kwamba gwaride lililomo kwenye rili ya tatu ni la Uhuru, Desemba 1963. Nikamwonyesha vitobo. Hakufurahi.

Ukiona mstari wa rangi ya kutu ukingoni mwa mkanda, hiyo ni sauti. Mashine ndogo za mezani za kunakili mkanda haziisomi. Mkanda huo mpelekee fundi mwenye vifaa vyake. Za baba zote ni bubu.

Kusafisha: kunja kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kitie matone machache ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, upitishe mkanda katikati yake taratibu, na uache ukauke kabla ya kuuzungusha. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji, na maji huvimbisha tabaka la picha. Zima feni. Najua joto la Mombasa, lakini feni inapeperusha vumbi, na unywele mmoja mlangoni mwa lenzi utauona rili nzima.

Mimi nilitumia mashine ya mezani inayopiga picha fremu moja moja. Hunasa fremu 2 kwa sekunde. Rili ya futi 50 ya Super 8 ina fremu 3,600, kwa hiyo ni nusu saa kwa filamu inayochezwa dakika tatu na sekunde ishirini. Kaa karibu, kiungo cha zamani, pale vipande vya mkanda vilipogundishwa, kikiachia, uwe wa kwanza kujua.

Mwanga ndipo watu wengi wanapokosea. Mashine ikijiamulia yenyewe, kanzu nyeupe kwenye jua la saa sita hugeuka doa tupu lisilo na mkunjo wala mfuko, na hakuna programu itakayourudisha. Punguza mwanga mpaka uone mishono ya kanzu. Mabuibui yatakuwa giza zaidi; hayo utayainua kidogo baadaye. Ukali wa picha weka chini kabisa, maana mashine ikinoa huwa inanoa chembechembe za mkanda, si sura za watu. Halafu tazama maandishi: namba ya gari ikisomeka kinyume, mkanda umeupachika upande usio wake.

Asiye na mashine anaweza kurekodi ukutani kwa simu, lakini kwa projekta iliyokarabatiwa na kujaribiwa kwa mkanda usio na thamani. Picha itapepesa. Dawa yake, kama kifunga mwanga cha projekta, kile kinachozunguka mbele ya taa, kina mapanga matatu, ni kupunguza kasi ya projekta hadi karibu fremu 16 na theluthi mbili kwa sekunde, ambazo ni mimweko 50 kwa sekunde, na simu uiweke kwenye fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) sekunde 1/50. Nilijaribu. Yafaa kwa kuonyeshana, si kwa kuhariri.

Faili za mashine yangu hutoka kwa fremu 20 kwa sekunde. Super 8 isiyo na sauti kwa kawaida ilipigwa kwa 18, milimita 8 ya kawaida kwa 16. Kwa hiyo kwenye programu ya kuhariri (natumia DaVinci Resolve ya bure) weka kasi asilimia 90 kwa Super 8, 80 kwa nyingine. Usipofanya hivyo, kila mtu atatembea kama anayekimbilia feri ya Likoni. Zima pia ule ufundi wa kubuni fremu za katikati; mikono huyeyuka. Faili asili usiziguse: nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili.

Rangi nilisawazisha kwa ngozi za watu, si kwa bahari. Daraja la Nyali la zamani, lile lililoelea juu ya maji kabla ya hili la 1980, limetoka na rangi ya waridi kidogo. Nimeliacha.

Sauti ilitoka kwa shangazi. Nilimketisha mbele ya kompyuta, nikaweka simu mezani ikirekodi, nikamchezea rili zote bila kuzikata. Akataja majina, akanisahihisha mitaa, akacheka peke yake. Ukirekodi, piga kofi moja rili inapoanza. Kofi hilo ndilo utakalolinganisha na fremu ya kwanza. Na uulize ruhusa. Harusi yake inaonyesha wanawake vichwa wazi, hivyo rili hiyo inabaki nyumbani, haiingii kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Alipofika kwenye zile fremu zilizotoboka akauliza, "Nani kaniunguza?" Nikasema mashine. Imo kwenye sauti, sijaikata.