Mambo ya Kuandaa Jikoni Kabla Hujajifungua, Iwapo Unaishi Kigoma

Mama anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 za ziada kila siku kuliko alivyohitaji kabla ya kushika mimba, lakini nyumba nyingi ninazozifahamu hapa Kigoma huandaa beseni, khanga, nguo za mtoto na nauli ya hospitali, chakula cha mama kikasubiri mpaka amekwisha kulala kitandani. Usisubiri. Yashughulikie haya ungali na nguvu za kwenda sokoni.

Anza na unga. Ugali wa muhogo mtupu hushibisha lakini una protini kidogo sana, kwa hiyo changanya na mahindi au ulezi, na usiule bila kitoweo. Maharage ya Kasulu na Buhigwe nunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, uyahifadhi makavu.

Chumvi nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya Uvinza imetulisha miaka mingi, ila chumvi yoyote haiwi na madini joto ya kutosha kwa kutoka ardhini tu, ni lazima yaongezwe, na mtoto anayenyonya huyapata kwa kadiri mama yake anavyoyapata.

Mawese usiyaunguze. Rangi ile nyekundu ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na anayeyachemsha mpaka yawe meupe kwa kukimbia harufu ametupa kilichokuwa na faida kuliko vyote.

Sasa dagaa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto wangu wa pili alizaliwa Juni 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ukiwa umesimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tangazo tulilisikia mapema, na majirani zangu wawili walinunua dagaa wakajaza ndoo. Mimi nilijiambia kuwa dagaa hawawezi kukosekana Kigoma. Nilipotoka hospitali, wachache waliobaki sokoni walikuwa wamepanda bei kupita uwezo wetu. Mama mkwe, aliyetoka kijijini kuja kunihudumia, akanizuia pia maharage na kisamvu kwa kuhofia kuwa mtoto angesokotwa na tumbo. Sikumbishia, kwa sababu ndiye aliyeamka alfajiri kuchemsha maji ya kunikanda, nikaona kubishana na mtu anayenihangaikia hivyo ni kukosa adabu.

Arobaini nzima nilikula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwembamba wa nyanya, uji wenye sukari, na chai ya rangi pamoja na kila mlo. Maziwa yalitoka tele, mtoto akanenepa, na kila aliyekuja kutupongeza alisema kuwa mzazi ametunzwa. Hapo ndipo tulipokosea sote. Vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B na madini joto hupungua katika maziwa mama asipovila vyakula vyenye virutubisho hivyo, lakini madini chuma na chokaa hayapungui kwa urahisi, kwa kuwa mwili huyatoa katika akiba ya mama mwenyewe, na chokaa huitoa hata katika mifupa yake. Mtoto aliyenenepa hathibitishi kuwa mama yake ni mzima.

Wiki ya tisa nilianguka bombani nikiwa nimeinama kutwika ndoo, na namshukuru Mungu kuwa mtoto alikuwa amebebwa na dada yake. Kliniki walinipima wingi wa damu wakanikuta na gramu 7.4, ilhali mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Vidonge vya madini chuma nilivyopewa wakati wa ujauzito vilikuwa bado kabatini, nusu havijaguswa, kwani nilidhani kazi yake iliisha siku ya kujifungua. Muuguzi alinieleza kuwa chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini, na kwamba limau, pera au papai kando ya mlo husaidia yaingie. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Jioni ile alibandika maharage yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nunua dagaa mapema, na uchague waliokaushwa juu ya chanja, si waliokaushwa mchangani. Waanike tena siku moja, kisha uwaweke katika ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Uwale wazima na mifupa yao, maana ndiyo yenye chokaa. Chai isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Vidonge ulivyoandikiwa vimalize, na uulize kliniki kama unapaswa kuendelea navyo baada ya kujifungua.

Na huyo atakayekuja kukuhudumia, awe mama yako au mama mkwe, zungumza naye kabla, mume wako akiwepo, na ikiwezekana mwende naye kliniki siku moja ili aulize maswali yake mwenyewe. Hakuna sababu ya kuwakataza mama wote wanaonyonyesha maharage na mboga za majani. Ukiona mtoto wako anasumbuka kila unapokula chakula fulani, kiache hicho kimoja, kisha utafute cha kuziba pengo lake.

Mengine unayajua. Kunywa maji ya kutosha, usinywe pombe, usikubali dawa ya kuongeza maziwa kutoka kwa mtu asiyejua unatumia dawa gani nyingine. Ukipata kizunguzungu, moyo ukidunda ukiwa umekaa, au macho yakishindwa kuona vizuri jua linapozama, usingoje arobaini iishe ndipo uende kupimwa.