Kukamata kundi la nyuki na kulihamishia mzingani: somo kwa watu wa Lubumbashi

Septemba na Oktoba, miombo ikichanua huko porini na jakaranda zikichanua mjini, simu huanza kulia: nyuki wamejitundika kwenye mwembe wa lupango, yaani uwanja wa nyumba. Mara nyingi anayepiga ameshatuma mtoto kununua petroli ya kuwachoma. Mwambie angoje.

Kukamata kundi ni kazi fupi. Kazi ngumu ni kulifanya likae. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama, na wengi huwakamata jioni wakawapoteza kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo tunaanza na mzinga, nyuki baadaye.

1. Mzinga. Uwe mkavu, usipakwe rangi kwa ndani, wenye nafasi ya lita 40 hivi na mlango mdogo. Paka nta iliyoyeyushwa chini ya kila kijiti cha juu, ambapo nyuki watatundika masega yao, kisha sugua kuta za ndani kwa nta au majani ya mchaichai. Harufu yake inakaribiana na ile nyuki wanayoitoa wenyewe wakiitana. Kama una mzinga mwingine wenye nguvu, toa sega moja lenye watoto wachanga, uwapanguse nyuki wake, uliweke humo. Hakuna chambo kinacholishinda: nyuki hawaachi watoto kirahisi. Tundika mzinga kivulini kwa waya, na waya uupake greisi ili siafu wasipite.

2. Tazama. Kundi lililoning'inia wazi bila masega liko safarini. Wapelelezi wake wanatafuta nyumba. Wakirudi wanacheza juu ya migongo ya wenzao kuonyesha upande na umbali. Wakishapatana, wote wanaruka. Huenda ikawa baada ya saa moja, huenda kesho kutwa. Kundi lililotoka kwao leo limeshiba asali na halina watoto wa kulinda, basi ni pole. Lililotangatanga na njaa, au lililopigwa mawe na watoto wa mtaa, si pole hata kidogo, na kwa macho huwezi kulitambua.

3. Watu na wanyama. Majirani wafunge madirisha. Mbuzi na mbwa waliofungwa kamba waondolewe kabla hujagusa tawi. Mtu hukimbia, aliyefungwa ndiye anayekufa.

4. Mavazi. Koti lenye wavu wa uso, glavu, buti za mpira, na suruali iingie ndani ya buti. Bomba la moshi liwe linawaka: vigunzi vya mahindi au gunia kuukuu vinatosha.

5. Kukamata. Njoo saa kumi jioni, joto likipungua. Nyunyizia kundi maji kidogo, manyunyu tu, ili lisitawanyike. Weka katoni ngumu au sanduku chini yake, karibu kabisa, kisha tikisa tawi mara moja kwa nguvu. Usitikise kwa woga mara tatu-nne. Hapo ndipo wanakasirika. Wakiwa kwenye shina lisilotikisika, funga sanduku juu yao, mdomo ukitazama chini, na upeleke moshi kidogo kutoka chini. Nyuki hupenda kupanda gizani.

6. Kungoja. Geuza sanduku juu ya shuka jeupe, ukiinua upande mmoja kwa jiwe. Wakisimama mlangoni mkia juu, wakipepea mabawa, malkia yumo na wanaita wenzao. Wakirudi tawini, malkia yuko tawini. Rudia.

7. Kuhamisha. Giza likiingia, funga sanduku kwa shuka linalopitisha hewa, ubebe, uwamimine mzingani usiku huohuo. Kwa pikipiki, hapana. Shimo moja la barabara linatosha kumwangusha dereva na nyuki. Kundi la safarini unaweza kuliweka popote, hata lupango ileile.

Wape maji ya sukari, kipimo kwa kipimo, kwa siku chache. Asali ya kununua usiwape, inaweza kuleta ugonjwa wa watoto wa nyuki. Na usifungue mzinga kabla ya siku saba. Najua mkono utawasha.

Maswali

*Mama wa Ruashi:* Papa, jambo. Kwetu banyuki baliingia mu plafo toka mwaka jana. Tuko na batoto. Bamoya banasema tubachome na petroli. Unaona namna gani?

Jambo, Mama. Petroli itachoma nyumba kabla ya nyuki. Hao wana masega na watoto, wanalinda, na somo hili haliwahusu. Fundi atafungua plafo, yaani dari, jioni, akate masega, ayafunge kwenye viunzi, awapeleke zaidi ya kilomita tatu. Wakiwa karibu, wanaoruka watarudi kwako. Kisha azibe tundu na kukwangua nta yote, la sivyo kundi jingine litafuata harufu.

*Kijana wa Katuba:* Wangu walikaa siku tatu wakaenda. Nilikuwa nimefunga mlango kwa wavu wa kumzuia malkia!

Mwanangu, ulipima wavu huo? Nyuki wetu ni wadogo, na malkia kijana ambaye hajapandwa hupenya kirahisi. Hata angezuiwa, angeshindwa kwenda kupandwa na kundi lingekufa. Nakisia mzinga ulikuwa juani.

*Dada wa Kampemba:* Nikiumwa nifanye nini?

Kwangua mwiba upesi kwa ukucha, ondoka hapo, kwa maana harufu ya mwiba inaita wengine. Uvimbe mahali pa mwiba ni kawaida. Midomo ikivimba, mwili mzima ukiwasha, pumzi ikibana, hospitali papo hapo, na usiende peke yako.

*Kijana wa Katuba:* Na buki tutakula lini, Papa?

Asali ya msimu huu waachie wao.