Ukiuza nyumba ya kupangisha Nakuru: hesabu ya kodi ya faida ya mtaji

Tangu Januari 2023, muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida. Awali ilikuwa 5. Umeimiliki nyumba miaka miwili au thelathini, kiwango ni kilekile, na mfumuko wa bei hautolewi. (Wenye jamaa Marekani huchanganya hapa: kule, mali iliyokaa zaidi ya mwaka hupunguziwa kodi.)

Tuseme ulinunua mwaka 2012 kwa shilingi 4,000,000. Ushuru wa stempu (hulipwa na mnunuzi wakati wa uhamisho), asilimia 4, ni 160,000, wakili 60,000, baadaye ukajenga vyumba vya nyuma kwa 3,200,000. Jumla ni 7,420,000. Sasa unauza 11,000,000, na dalali pamoja na wakili wanachukua 440,000. Zinabaki 10,560,000. Faida: 3,140,000. Kodi: 471,000.

Pa kuumia ni ile 3,200,000. Fundi alilipwa taslimu kila Jumamosi, saruji na mabati vikanunuliwa bila risiti. Usipoweza kuthibitisha, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, itaikataa, na kodi ipande hadi 951,000. Kusanya risiti, taarifa za M-Pesa na benki, mkataba wa fundi na ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Kupaka rangi ni matengenezo tu. Usiyachanganye na ujenzi. Gharama uliyokwisha kuitoa kwenye kodi ya mapato haihesabiwi tena.

Halafu ule ujanja wa zamani: mkataba wa 2012 ukaandikwa 2,500,000 badala ya 4,000,000 ili kubana ushuru wa stempu. Mnunuzi aliokoa 60,000. Leo mnunuzi huyo ndiye muuzaji, na ujanja wake unamgharimu 234,000. Mkataba huo haurekebishiki sasa.

Huhitaji kulipa kama nyumba ni makazi yako, umeishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Au ni ardhi ya mtu binafsi ambayo bei yake haizidi shilingi 3,000,000. Au shamba chini ya ekari 50 nje ya mji. Ekari mbili zilizo ndani ya manispaa hazina msamaha huu wa shamba.

Malipo hufanywa kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA: chagua kodi ya mapato, kisha faida ya mtaji, toa namba ya malipo, lipia benki au M-Pesa. Tarehe ya mwisho ni siku unayopokea bei yote au siku uhamisho unaposajiliwa, itakayotangulia. Mwambie wakili azuie kiasi cha kodi kabla hajakutumia salio.