Ayutthaya kwa siku moja, ukiwa peke yako

Ukiwa Bangkok na umebakiwa na siku moja, panda treni ya daraja la tatu uende Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand wenye magofu ya mahekalu. Ni kilomita kama 80 kaskazini, nauli ni ndogo mno, na tiketi unakata siku hiyohiyo. Toka alfajiri, maana ikifika saa sita jua ni kali na magofu yale hayana kivuli cha maana. Beba maji.

Ukishuka stesheni, tembea hadi mtoni, vuka kwa kivuko kidogo, kisha ukodi baiskeli. Mji ni tambarare, na hakuna wa kukuharakisha.

Anzia Wat Mahathat (wat ni hekalu la Kibudha) kabla makundi ya watalii hayajafika. Hapo ndipo kilipo kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Ukipiga picha nacho, chuchumaa: kichwa chako kisiwe juu ya kile cha Buddha. Funika mabega na magoti, na tafadhali usipande kuta. Jeshi la Burma liliuteketeza mji huu mwaka 1767, na matofali yaliyobaki yanameguka kirahisi.

Wat Chaiwatthanaram, ng'ambo ya mto Chao Phraya, iache ya jioni. Ila asubuhi ileile uliza kwenye dirisha la tiketi saa za treni za kurudi.