Kuvusha Mifugo Chalbi: Anza na Maji

Ukihamisha mifugo kutoka Marsabit kwenda North Horr, kaskazini mwa Kenya, kupitia jangwa la Chalbi, usianze kwa kuuliza malisho yako wapi. Uliza maji. Majani mazuri yaliyo mbali na kisima ni ya ngamia tu, maana yeye huvumilia siku kumi na zaidi. Ng'ombe wangu siwapitishi siku ya tatu bila kunywa. Ndiyo maana ngamia hupelekwa mbali na ng'ombe wakabaki karibu na Mlima Marsabit.

Kabla ya kuondoka, piga simu Maikona na Kalacha, vituo vya maji vilivyo njiani. Pampu inafanya kazi? Foleni ikoje? Chemchemi za huko zina chumvichumvi. Mifugo huzoea, lakini watu wabebe mitungi yao. Tembea alfajiri na jioni. Ndani ya Chalbi hakuna kivuli, kwa hiyo pumzisha kundi kwenye migunga kabla ya kuingia.

Kisimani ndipo wageni wengi huharibu. Zuia kundi mbali, nenda peke yako kwa mzee anayesimamia zamu, msalimie vizuri, useme unatoka wapi na una wanyama wangapi. Ukipewa zamu, leta ngamia wachache wachache. Aliyekauka hunywa hata lita 100 kwa mkupuo. Ukiwaachia wote, ndama watakanyagwa na birika la kunyweshea litapasuka.

Mvua ikinyesha, zunguka jangwa. Chalbi hugeuka tope, lori hukwama, na ngamia huteleza wakavunjika miguu.